Firigisi ya Papa Théo

Kama hukuwahi kula na Papa Théo, yaani baba Théodore wa mtaa wa Kikula, kabla ya ugonjwa wake, pole sana, umekosa tamasha. Bwana huyu alikuwa mchomeleaji wa vyuma kule mtaa wa Panda, mageti na madirisha ya watu wenye nazo, na jioni aliporudi nyumbani mkewe Kabedi alijua kabisa kwamba sufuria ndogo haina kazi. Bukari ilisongwa hadi mwiko ukalalamika. Bukari ndiyo ugali wetu, mahindi yakichanganywa na unga wa muhogo, na kwa mtu wa mji wetu wa Likasi, huku Kongo, vyakula vingine vyote, uwe wali, uwe mkate, ni vya kutafunatafuna tu wakati unasubiri kula.

Meza ya Théodore ilikuwa na sheria zake. Kwanza Kabedi alileta beseni na jagi la maji, akamnawisha mumewe, kisha watoto kwa zamu, na hakuna aliyethubutu kumega tonge kabla ya hapo. Na siku kuku alipochinjwa, firigisi ilitua juu ya sahani ya Théodore ikiwa nzima, haikatwi, haionjwi jikoni. Marehemu baba yake alimwachia maneno hayo tangu utotoni: firigisi ni ya yule anayeilisha nyumba. Mke haili, binti haili, na mama mkwe ndiyo kabisa. Jenny, binti yake mkubwa, aliwahi kuuliza hiyo firigisi ina nini cha ajabu hivyo, akajibiwa na shangazi yake Alphonsine kwamba maswali mengine huchelewesha wachumba.

Huyu Alphonsine ni dada mkubwa wa Théodore. Mama yao alifariki Théodore akiwa bado ananyonya, na Alphonsine, msichana ambaye mwenyewe alihitaji kulelewa, ndiye aliyembeba mgongoni. Kwa hiyo alipokuwa anasema jambo ndani ya nyumba ile, lilikuwa limesemwa.

Ugonjwa ulimkuta karakanani asubuhi moja ya mvua. Alikuwa ameinama kwenye geti, ghafla mkono wa kulia ukaachia kifaa, mguu wa kulia ukafuata, naye akakaa chini kwenye sakafu akiwashangaa wenzake waliokuwa wanamwita kwa jina. Hospitalini walisema ni AVC, yaani kiharusi, wakamwokoa. Kisha akapelekwa kwenye kituo kidogo cha masista ambako watu hufundishwa upya kutembea, kushika, kusema. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala na mdomo umekwenda kando. Maneno yalikuwa yanatoka mazito, nusunusu, hata Kabedi ilimbidi ainamie kitanda ili asikie.

Lakini kilichoharibika kabisa ni kile ambacho hakuna aliyekitazamia. Koo lilikuwa limesahau kazi yake. Akinywa maji kidogo tu, anakohoa mpaka machozi.

Pale kituoni kulikuwa na mtaalamu wa lishe, mama mmoja mfupi aitwaye Émilienne, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, sauti ya chini. Siku ya kwanza hakuuliza mengi. Alikaa mbele ya Théodore na kijiko, akamweka wima, akamwambia ashushe kidevu, akampa kidogo, halafu akawa anaangalia koo lake kama fundi wa saa anavyoangalia saa. Alipomaliza akawaeleza. Maji matupu, hapana. Bukari, hapana, kwa sababu bukari haitafunwi, inamezwa tonge zima, na tonge hilo likipotea njia linaingia kwenye mapafu. Kwa sasa ni uji mzito tu, laini, wa soya na karanga, uliotiwa unga wa samaki wadogo wakavu na mafuta kidogo. Uji ule ulikuwa na nguvu kuliko sahani nyingi za bukari, alisema. Kabedi aliitikia kwa kichwa kila neno.

Théodore yeye aligeukia ukuta. Bouillie, uji. Kitu cha mtoto ambaye hajaota meno, kwenye kikombe cha plastiki, kijiko kwa kijiko, kitambaa kimefungwa shingoni. Mwanaume mzima wa Kikula. Alikuwa anakubali vijiko vichache ili Kabedi asilie, kisha anabana meno, na hapo hata ungeleta shoka usingeyafungua. Kabedi alimbembeleza, akamnunia, akambembeleza tena. Suruali ikaanza kumvuka. Na kule kwenye mazoezi, Hervé, ambaye ni kiné, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa anamsimamisha katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, miguu inatetemeka, anamkalisha tena. Hervé alimwambia Émilienne waziwazi kwamba yeye anaweza kufundisha msuli, lakini hawezi kufundisha msuli ambao haupo.

Basi Jumapili moja, misa imekwisha, Alphonsine akaja kumwona mdogo wake. Kabedi alikuwa ametoka kwenda kufua. Théodore akamkamata dada yake kiganja kwa mkono wa kushoto, akapambana na ulimi wake muda mrefu, mwishowe maneno yakatoka.

"Yaya," akamwita, kama huku tunavyomwita dada mkubwa. "Banaminyima chakula."

Alphonsine akaangalia kile kikombe cha plastiki kwenye meza. Akaangalia mashavu ya ndugu yake yaliyoingia ndani. Nani angevumilia? Mimi nisingevumilia, na wewe usingevumilia. Jumapili iliyofuata alikuja na bukari ya moto imefungwa vizuri kwenye kitambaa, imefichwa chini ya kitenge, pamoja na sombe, yaani kisamvu, na kipande cha samaki. Akangoja Kabedi atoke. Akamega tonge, akalibonyeza, akalichovya, akamtia mdomoni ndugu yake kama alivyofanya zamani sana.

La kwanza lilipita. Théodore alilia kwa furaha, machozi kabisa, na Alphonsine naye akalia, akamega la pili. La pili halikupita.

Alibadilika rangi mbele ya macho yake. Alphonsine akapiga ukelele uliomfikisha Hervé kutoka upande wa pili wa jengo akikimbia, akamwinamisha mgonjwa mbele, akampiga mgongoni kwa kiganja mpaka bukari ikatoka. Haikutoka yote. Kufikia jioni Théodore alikuwa na homa, kifua kinakoroma, wakamrudisha hospitali kubwa, na huko wakamtia mpira mwembamba puani unaofika tumboni, ndio chakula kikawa kinapita humo. Daktari alimweleza Kabedi bila kumficha. Kifua hiki kikiingiwa na chakula mara nyingine, sijui kama tutamrudisha. Na kuna watu, akaongeza, ambao hawali tena kwa mdomo maisha yao yote.

Walidhani Théodore amelala. Alisikia kila kitu. Alilala pale na mpira wake puani akawa anaiona meza yake ya Kikula, beseni linapita, jagi linapita, kila mtu ananawa, naye amekaa pembeni kama picha ya marehemu. Kuogopa kufa alikuwa ameogopa tayari, kule karakana. Hii ilikuwa hofu nyingine, na hii ndiyo iliyomkondesha hasa.

Nje nako mtaa haukunyamaza. Kikula haikosi midomo. Wengine walisema kituo kinawanyima wagonjwa chakula, wengine, wale wa maombi ya makelele, wakaanza kunong'ona kwamba dada mtu ana jambo lake, kwamba hakumlisha bure. Alphonsine aliyasikia. Akajifungia ndani, hakwenda hospitali, hakwenda hata misa.

Kilichofuata Théodore alikuja kukijua baadaye, akisimuliwa na Alphonsine mwenyewe. Émilienne alimfuata nyumbani kwake. Alphonsine alipomwona mlangoni alijua amekuja kumgombeza, akajiandaa kunyamaza. Mama yule akaomba kigoda, akakaa karibu na mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, akauliza jambo moja tu: mama yenu alipofariki, huyu mtoto ulimlisha nini hata akapona? Alphonsine akashangaa. Akasema ulikuwa uji, ungekuwa nini, maziwa yalikuwa wapi. Karanga alikuwa anazikaanga kidogo, anazitwanga, anachekecha mara kwa mara mpaka zinakuwa laini, anatia samaki wakavu waliosagwa, na alikuwa anamshikilia wima kwa sababu akimlaza anakabwa. Émilienne akamwomba aupike ule ule, palepale. Akauonja. Akaonja tena. Kisha akamwambia kwamba kazi hiyo aliifanya vizuri mara ya kwanza, na sasa inamhitaji mara ya pili. Alphonsine alilia mpaka makala yakazimika.

Théodore aliporudi kituoni akiwa bado na mpira wake, alikuta mambo yamepangwa upya. Kwanza kupitia ule mpira Émilienne alimlisha vizuri, kwa subira, siku baada ya siku, maana alisema koo nalo ni nyama kama nyama nyingine, likikaa na njaa haliwezi kujifunza. Homa ilikwisha. Macho yakarudi mahali pake. Ndipo akaja na kijiko, akakaa mbele yake kama siku ya kwanza, lakini safari hii hakukitumbukiza kwenye uji. Alimuuliza kwa nini alikuwa anakataa kula.

Kabedi alikuwa amesimama pale, na Alphonsine nyuma yake, hajathubutu kusogea. Théodore alichukua muda. Maneno yalikuwa bado yanamtoa jasho.

"Minye sikulake bila kunawa," akasema. "Apa hakuna mwenye ananinawisha. Ile si kula. Ni dawa."

Kabedi alijishika mdomo, kwa sababu ni kweli, tangu siku ya kwanza alimfuta mume wake uso, akamfuta kidevu, akamfuta kifua, lakini mikono hakumnawisha, kwa kuwa mtu anayelishwa kwa kijiko mikono ya nini. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwekea chakula bila maji ya mikono. Émilienne naye alivua miwani, akaifuta, akakiri kwamba alipima uji, alipima uzito, alipima koo, na hilo halikumpitia akilini. Kisha akamtuma Kabedi beseni.

Maji yalikuja ya uvuguvugu. Kabedi akapiga goti kama nyumbani, akamwagia mkono wa kushoto, halafu akauchukua ule wa kulia uliolala, akauweka ndani ya maji, akaufungua kidole kimoja kimoja. Hervé, aliyekuwa anapita, akasimama kutazama, akasema maji hayo ni mazuri kwa mkono huo, wafanye hivyo kila mlo. Émilienne akaondoa kikombe cha plastiki. Akaweka sahani, sahani halisi, na juu yake uji wa Alphonsine, mzito hasa, umeshikamana, umetiwa chumvi na sombe iliyopondwa mpaka haina uzi. Théodore akakaa wima. Akashusha kidevu. Kijiko kikaingia.

Alimeza. Wote wakangoja. Émilienne akamwambia aseme "aa", akasikiliza kama sauti ina majimaji ndani. Sauti ilikuwa kavu. Akampa kijiko kingine, na kingine, na sahani ikapungua, na Alphonsine akasogea taratibu mpaka akawa amesimama kando ya kitanda. Théodore alimtazama dada yake kati ya vijiko, akamnyooshea ule mkono wa kushoto uliokuwa bado na maji. Hapo ndipo shukrani ilimshika, na alinieleza mwenyewe kwamba ilimshika kifuani kama kitu cha kushikika. Alikuwa amezungukwa na wanawake watatu na sahani ya uji, na hakutaka kuwa mahali pengine popote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, si kwa haraka, lakini yalikwenda. Mpira ulitoka puani. Émilienne alikuwa anabadilisha sahani kidogokidogo: leo maharagwe yaliyosagwa, kesho yai limepondwa na parachichi, baadaye samaki aliyechambuliwa miiba na kulainishwa kwa mchuzi. Kila mara kidevu chini, kila mara "aa". Théodore alimtania kwamba ameoa mke wa pili asiye na mahari, mkali kuliko wa kwanza. Kwenye vile vyuma viwili miguu ikaacha kutetemeka, na Hervé, ambaye si mtu wa kusifia, akasema sasa ana kitu cha kufanyia kazi. Mkono wa kulia, kwa kunawishwa kila mlo, ukaanza kukunja vidole wenyewe.

Siku moja kulikuwa na ladha kwenye kile chakula laini iliyomfanya Théodore aache kumeza na kumkodolea Kabedi macho. Kabedi akatazama dirishani. Nyumbani walikuwa wamechinja kuku, na firigisi hakuna aliyekuwa na haki nayo, basi ameichemsha mpaka ikaiva kabisa, akaisaga, akaichekecha, akaileta. Fidèle, kaka yake Kabedi, aliiomba, tena mara mbili, akanyimwa. Émilienne alipoambiwa alicheka mpaka miwani ikaruka, akasema firigisi iliyosagwa vile ameipitisha, iendelee kuja.

Na bukari? Ilikuja mwishoni. Émilienne aliisimamia mwenyewe, imesongwa laini kuliko ilivyo heshima, na dongodongo, bamia yetu inayoteleza, kando yake. Kijiko hakikuwepo. Théodore alinawa, akamega kwa mkono wa kulia tonge dogo la aibu, akalichovya, akashusha kidevu. Lilipopita salama aliinama juu ya sahani muda kidogo, na waliokuwepo wakajifanya wanaangalia nje.

Alipotoka kituoni, familia ikaweka misa ya shukrani, na baada ya misa watu wakaja Kikula kula. Théodore alitembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi mezani, fimbo mkono wa kushoto. Émilienne alikuwepo, na Hervé, na Alphonsine katika kitenge kipya, ambaye wale wenye midomo mtaani walimwona akiingia mbele ya wote, mkono ndani ya mkono wa mdogo wake. Fidèle naye hakukosa. Kabedi akaleta beseni na jagi, akaanza na mumewe kama zamani, maji yakazunguka meza yote.

Kisha kuku. Na juu ya sahani ya Théodore, Kabedi akaweka firigisi nzima. Kila mtu alijua hawezi kuila. Firigisi nzima inataka kutafunwa, na hapo Émilienne alikuwa bado hajafungua mlango. Lakini sheria ni sheria, mahali pake ni pale. Fidèle akakohoa kidogo, akasogeza sahani yake karibu, kwa adabu.

Théodore akaishika kwa mkono wa kulia. Vidole vilikuwa bado vizito, ikamponyoka, akaichukua tena. Akanyoosha mkono ule, polepole, juu ya bukari, juu ya mchuzi, akampita Fidèle, akaiweka kwenye sahani ya Émilienne.

Wote walimwangalia Alphonsine, maana kama kuna mtu wa kulipinga jambo hilo ni yeye.

"Baba alisemaka firigisi ni ya mwenye analisha nyumba," Théodore akasema, na maneno yalitoka mazima. "Uyu mwaka, mwenye alinilisha ni weye, mama Émilienne. Kula."

Émilienne aliitazama ile firigisi. Akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba yeye hakuwasha mbabula hata siku moja. Akaomba kisu, akaikata vipande vitatu. Kimoja akamwekea Kabedi, kimoja akamwekea Alphonsine. Kabedi akamtazama mumewe, mumewe akaitikia kwa kichwa, akala. Alphonsine akakigeuza kipande chake huku na huku, mlinzi wa mambo ya baba zake, kisha akakitia mdomoni, akatafuna muda mrefu sana.

Jenny, aliyekuwa ameshika jagi, hakuweza kujizuia. Aliuliza ikoje.

"Iko nguvu," Alphonsine akasema akiendelea kutafuna kwa shida. "Iko nyama tu."

Théodore alicheka, kicheko kile cha zamani kilichokuwa kinasikika hadi barabarani, na tonge lilikuwa tayari mdomoni. Émilienne, mdomo wake mwenyewe umejaa firigisi, akamwinulia kidole. Théodore akanyamaza, akashusha kidevu, akameza.